Kulabu za Bembea

Nyumba za Kiwandani,
Mlango wa mwisho, karibu na bomba.
Jumapili alasiri.

Mpendwa Wifi,

Pokea salamu zangu na za mtoto wetu Kibonge, anayeinyakua kalamu hii kila nikigeuka. Mguu wako umepona? Na kifua cha shemeji je? Sisi miili ni mizima. Ila moyo wangu, wifi yangu, unachemka kuliko tanuru.

Ni habari za kaka yako. Unamjua na uhandisi wake wa metali: hata kijiko changu kikipinda, lazima akigeuzegeuze aniambie sababu. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kwa kumsikia kila siku mezani nimekuwa nusu mhandisi.

Kiwanda kimepata kazi ya kutengeneza kulabu za kuning'inizia bembea kwenye kiwanja cha watoto hapa mtaani. Kulabu zikitoka motoni hutumbukizwa majini ziwe ngumu, halafu hurudishwa kwenye moto wa wastani ili zisivunjike ovyo. Meneja, tunayemwita Bwana Chapchap, akaamuru huo moto wa pili urukwe, eti siku ya ufunguzi imekaribia!

Kaka yako akaibana kulabu moja kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma, akaigonga kwa nyundo mbele ya meneja. Ikakatika kama biskuti. Unajua alijibiwa nini?

"Mhandisi, pale wataning'inia watoto, si tembo."

Alipokataa kuzipitisha, akahamishiwa stoo kugawa glovu na mifagio. Mtu aliyesomea vyuma! Na hizo bembea apande nani, kama si huyu wangu?

Wifi, nilishindwa kuvumilia. Nikambeba Kibonge hadi getini, nikamsubiri Bwana Chapchap.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Umemletea mumeo chakula?"

"Hapana. Nimekuja kuomba kitu kimoja tu. Siku ya ufunguzi, yule mjukuu wako unayekuja naye hapa apande wa kwanza, asukumwe juu kabisa. Wangu atafuata."

Mlinzi akakohoa, akageukia ukutani. Bwana Chapchap akamtazama Kibonge, ambaye wakati huo alishaikamata tai yake. Akajinasua, akaingia ndani.

Jana kulabu zote zilirudishwa motoni. Lakini radhi hakuna aliyeomba, na kaka yako yuko palepale stoo! Tena walipokwama kwenye kupima joto, bila haya wakaenda kumwita huko huko. Naye akaenda, fagio bado mkononi.

Nikamfokea: kwa nini hukuwaacha wahangaike? Akanishangaa.

"Si Kibonge atapanda?"

Kununa bado nimenuna, ila nguo ya Kibonge ya siku ya ufunguzi nimeshaipiga pasi, na nina imani hata huko stoo kaka yako atatoka.

Nisalimie mama mkwe, shemeji, na mapacha wako watundu. Mungu awafunike kwa mkono wake, mlale salama na kuamka salama.

Wako akupendaye kuliko ninavyoweza kuandika,
Wifi yako, Mama Kibonge