Neno la Akiru

Kakuma, 6 Septemba 1997

Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi kama mchanga wa Lodwar, ule unaoufagia asubuhi na jioni umesharudi. Hujambo? Goti je? Na Baba, bado anagombana na redio yake? Mimi ni mzima, ila koo linanisumbua. Vumbi la huku ni laini kuliko la kwetu, linaingia mpaka kwenye chai.

Mama, tawi letu limesimama. Sufuria Moja ya Kakuma sasa ina kibanda chake cha majani ya mkoma, pale mtaa wa mjini unapopakana na kambi ya wakimbizi. Uji ni Jumatatu na Alhamisi. Akina mama wa Kiturkana na wale wa kutoka Sudan wanaketi mkeka mmoja, kama ulivyotufundisha mtaani kwetu Kanamkemer: sufuria moja, foleni moja. Akiru uliyenipa ndiye anayepima watoto, na sijui ningefanya nini bila yeye. Mtoto akitundikwa kwenye mizani analia kama anachinjwa, Akiru anamshusha, anamwekea mkono kifuani na kumsemesha Kiturkana chake mpaka ananyamaza.

Kuna mtoto mmoja ambaye ameniingia moyoni. Anaitwa Achan, mamake ni Nyibol, Mdinka. Walipokuja mara ya kwanza ngozi yake ilikuwa imekunjamana kama ya bibi kizee, nikaogopa hata kumbeba. Baadaye akaanza kunywa uji, akaanza kuvuta shanga za Akiru. Kila mtu aliona anapona. Halafu Nyibol akaacha kuja. Wenzake wa upande wake wa kambi wakaacha pia, mmoja mmoja, na Alhamisi iliyopita nusu ya mkeka ilikuwa tupu.

Nilimuuliza Madut, mwalimu wa kambini anayetutafsiria. Akatazama viatu vyake. "Dada, wamama wanasema hapa watoto wanaitiwa kitu mbaya." Kitu gani? "Hiyo jina mimi siwezi taja." Nilimbana, akakataa katakata.

Kitu gani hicho, Mama? Ni uji? Ni mizani? Nina wasiwasi juu ya Achan. Mwili ule hauna akiba.

Msalimie Baba.

Ni mimi mwanao,
Sylvia


Lodwar, 17 Septemba 1997

Mwanangu Sylvia,

Ejok? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Barua yako imeletwa na utingo wa lori la mahindi, imekunjwa mpaka ikafanana na msokoto wa sigara. Goti langu ni lilelile. Linatabiri hali ya hewa kuliko redio ya baba yako, na linasema mwaka huu mvua itatutafuta.

Sasa wewe umenishangaza. Unakaa kibandani unamuuliza mkalimani mbona mama fulani haji? Nilikulea mtaa gani? Tulipoanza Sufuria Moja hapa hatukuwa na mizani wala ofisi ya kanisa ya kutupa unga. Tulikuwa na miguu. Mtu asipokuja, unamwendea. Ingia kwake, keti chini, kunywa chai yake hata ikiwa sukari imetiwa kwa koleo, ndivyo Wasudani wanavyoipenda. Usiulize kitu mpaka kikombe kiishe. Kuuliza si ujinga, lakini kuna kuuliza na kuna kupeleleza.

Na uende na Akiru. Watoto wanampenda, na mama humpenda anayependwa na mtoto wake.

Tibu hilo koo kwa ndimu na chumvi. Baba yako anasema anakusalimu, ingawa hajaondoa sikio kwenye redio.

Mimi mama yako,
Bilha


Kakuma, 2 Oktoba 1997

Mama,

Habari za nyumbani? Natumaini goti limepungua. Koo limepona, asante, lakini moyo haujapona.

Tulikwenda kwa Nyibol, mimi, Akiru na Madut. Alitupokea, ingawa hakucheka. Tukanywa chai. Sikuuliza kitu, kama ulivyosema. Achan alikuwa amelala mkekani, na Mama, amerudi nyuma. Uso umekuwa macho matupu. Nyibol anasema alianza kuhara kule kwetu, siku ileile aliyopimwa mara ya mwisho.

Basi Akiru akainama. Akamwekea mtoto mkono kifuani akamwambia kama anavyowaambia wote, "Ejok, ejok nooi." Nyibol akaruka kama ameumwa na nge. Akampokonya mtoto, akachota maji akayanyunyiza kati yetu na yeye. Majirani wakajaa mlangoni, bibi mmoja akatupigia kelele mpaka tukatoka. Tulipofika barabarani Akiru akaniuliza, "Sylvia, mimi nimekosa nini?"

Si hayo tu. Cornelius, msimamizi wetu kutoka ofisi ya kanisa, anasema unga tulipewa kwa sharti kwamba uhudumie pande zote mbili. Akina mama wa kambini wasiporudi mwezi huu, sufuria itafungwa. Anasema dawa ni rahisi: mwondoe Akiru, weka mama wa Kisudani, kwa sababu wanamwogopa yeye. Madut naye amekubali, macho chini.

Sitaki, Mama. Nikimfukuza Akiru nitakuwa nimesema mbele ya watu kwamba kweli ana kitu. Lakini nikimwacha, Achan hatarudi, na mtoto yule asipopata uji na dawa atatutoka. Niambie la kufanya. Nijibu upesi, kwa gari lolote.

Mwanao anayekusumbua,
Sylvia


Lodwar, 13 Oktoba 1997

Mwanangu,

Nakusalimu mbiombio, hujambo, sijambo, ya goti tuache.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikakasirika. Nikaisoma tena nikacheka peke yangu hadi baba yako akazima redio. Nilipoisoma mara ya tatu niliketi chini, maana si jambo la kucheka. Sylvia, usimfukuze Akiru! Kosa ni la neno.

Ungekuwa na Kijaluo cha maana, si hicho chako cha kuombea chumvi, ungesikia. Nilipoletwa Lodwar, baba yako amehamishwa huku na serikali, wewe ulikuwa mchanga. Asubuhi ya kwanza jirani alikuja mlangoni anacheka meno yote, akakuinamia mikononi mwangu akasema, "Ejok!" Nilimfungia mlango usoni. Kwetu juok ni uchawi. Mwenye nao ni jajuok, na hilo hata wewe unalijua. Baba yako alirudi kutoka kazini akanikuta nimekulaza chini ya Biblia. Baadaye sana ndipo nikaambiwa kwamba yule mama wa watu alikuwa ananiambia mtoto ni mzima, mtoto ni mzuri. Ndiye mama yake Akiru.

Wewe umekua na neno hilo, unalimeza kama mate, huwezi kulisikia. Lakini Wadinka na sisi lugha zetu ni binamu. Muulize Madut kama kwao hakuna neno la karibu na hilo, tena la kutisha. Usimwombe alitaje. Litaje wewe, umwangalie uso. Kisha nendeni kwa Nyibol, mumweleze polepole, Akiru akiwepo.

Nami nisamehe. Ni mimi niliyekwambia uende naye.

Mama yako,
Bilha

Nimerudishiwa barua hii. Mto Kawalase umejaa, magari yote ya Kakuma yamegeuka. Nimempa dereva mwingine ambaye anangoja maji yapungue. Nenda, barua, nenda.


Kakuma, 5 Novemba 1997

Mama,

Salamu. Sijui kama hamjambo, maana umeninyamazia. Nimengoja kila gari mpaka magari yenyewe yakaisha. Mvua hii wanayoiita Elinino imetukata na kwenu, na juzi mto wa hapa umebeba mbuzi na vibanda. Barua hii naipeleka bila kujua kama itavuka.

Nimemwondoa Akiru.

Nilimwambia Jumamosi baada ya uji. Nilitafuta maneno mazuri nikayakosa, nikasema tu ni amri ya ofisi. Hakubishana. Aliniuliza kama aoshe sufuria kwanza. Akaiosha, akaifunika, akachukua kigoda chake. Alisema atakwenda kwa kaka yake kule Kaikor. Jina lake ni mvua kwa Kiturkana, unajua, na hapa kwetu mvua ikaanza wiki hiyohiyo alipoondoka. Watu wa mjini wanasema tumemfukuza mvua kwa mkono mmoja akarudi kwa mikono mingi. Wanalisema kwa mzaha, lakini mimi linanichoma.

Na neno gumu zaidi ni hili: imefanya kazi. Jumatatu akina mama wa kambini walirudi wote. Nyibol pia alikuja na Achan kwenye kitambaa. Sikumtundika hata kwenye mizani, tulimkimbiza hospitali ya kambini. Amewekewa mpira puani. Cornelius amenipongeza mbele ya watu, nikatamani ardhi ipasuke.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mbona hukunijibu?

Ni mimi,
Sylvia


Kakuma, 24 Novemba 1997

Mama yangu,

Nakusalimu. Nitaandika kwa shida, unisamehe mwandiko.

Achan alitutoka Jumapili ya tarehe 16, asubuhi. Daktari alisema aliletwa amechelewa. Barua yako ya Oktoba ilifika Jumanne, imelowa, imeandikwa na matope kuliko wino. Niliisoma nimesimama barabarani na nikaketi pale pale kwenye tope.

Nilikwenda kwa Madut shuleni. Nilifanya kama ulivyoagiza, nikalitaja mimi. Nikasema, "Madut, jok ni nini?" Akashtuka, akaziba mdomo. Kwao jok ni kile kitu kinachoingia mtu na kumla kwa ugonjwa. Walipobatizwa walivichoma vitu vyake vyote, hawataki hata jina lake liguse mtoto. Na huyu mama wa mizani anaweka mkono kifuani mwa kila mtoto na kulisema mara mbili mbili. Nikamwambia maana ya ejok. Mama, amekaa Kakuma miaka mitano, anasalimiwa hivyo sokoni kila siku, akidhani hao ni watu wasioogopa Mungu tu. Akasema, "Dada, ni mimi. Mimi nilikataa kutaja." Nikamwambia ni mimi nisiyesikia. Tukabaki tunagombania kosa kama watoto.

Sikutaka Nyibol aambiwe. Niliona ni kumwua mara ya pili. Madut akasema watoto wa wenzake bado wako hai, wataogopa salamu ya nchi hii mpaka lini? Akamwambia yeye mwenyewe, matangani, kwa Kidinka, kwa sauti ya chini. Nyibol akanigeukia mimi kwa Kiswahili: "Alikuwa anasema mtoto yangu mzuri?"

Nikasema ndiyo.

"Siku zote?"

Siku zote, nikasema.

Halafu akasema, "Lete yeye. Aseme tena."

Nimetuma ujumbe Kaikor kwa kila njia, hakuna gari. Akipita Lodwar, Mama, mshike asiondoke. Mwombee kwangu msamaha mpaka nije kuuomba mwenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki, najua, lakini huyu mama anaomba neno moja tu na mimi ndiye niliyelifukuza.

Mwanao,
Sylvia


Lodwar, 15 Desemba 1997

Mwanangu mpendwa,

Pole. Pole sana. Sisi tu wazima, na hata kulisema hilo naona haya.

Akiru yuko hapa. Hakufika Kaikor. Mvua ilimfungia Lokitaung kwa jamaa zake, barabara ilipopitika akarudi huku. Amekonda. Nilimpa wanetu wa Kanamkemer awapime, akawapima vizuri kama kawaida yake, lakini mdomo ameufunga. Anawatundika, anawashusha, anawarudisha kwa mama zao bila neno, mkono hauendi kifuani. Watoto wanalia mpaka basi.

Jana nilimkalisha jikoni nikamweleza habari ya neno. Nikamsimulia nilivyomfungia mamake mlango. Kwanza hakunielewa. Alipoelewa alicheka, Sylvia, alicheka huku anajipiga mapaja, akasema kumbe sina kitu, kumbe ni ulimi tu. Nilikuwa sijaona uso wake tangu arudi, jana nikauona.

Nilikuwa nimejipanga kumwambia na lile la pili, la Achan. Nikavuta pumzi. Yeye akanitangulia. Akaniuliza, "Na mtoto wa Nyibol? Ejok?"

Na mimi, mwanamke niliyezika watu wa mtaa huu, nikamjibu, "Ejok."

Unajua neno hilo lilivyo, la kuuliza na la kujibu ni moja. Lilinitoka. Sasa amefurahi, anasema lazima arudi Kakuma kumwona Achan. Amefua nguo. Amemtungia shanga ndogo za mkononi. Gari ni Jumatano.

Sikuweza kulirudisha, nimejaribu tangu jana. Kwa hiyo barua hii anakuletea yeye mwenyewe. Hajui kusoma. Mpokee gari linaposimama, usimwache afike kibandani peke yake, wala asiambiwe na watu wa njiani. Mwambie wewe. Kisha mpeleke kwa Nyibol, wakae wawili hao. Huyo anayetaka kuambiwa na huyo aliyekuja kusema, Mungu ajue watasemaje.

Ameketi mbele yangu ninapoandika, anapuliza chai. Ameniuliza barua mbona ndefu, nimekuandikia nini. Nimemwambia nakusalimia tu. Anasema niongeze na za kwake.

Akiru anakusalimu.

Mama yako,
Bilha