Jumanne ya Mwisho ya Kipindi

Eldoret,
13 Novemba 1991

Dadangu Virginia,

Huku sote tu wazima. Mahindi tumeshavuna, na mtoto mdogo ameota meno mawili.

Jana kile kipindi cha televisheni cha wale wajane wawili marafiki kiliisha kabisa. Unakumbuka ulipotutembelea, jinsi jirani yangu Jepchirchir alivyokuwa akicheka? Msimu huu wote hakuja kutazama nami, na kila nikimwuliza anasema ana kazi. Jana akaja. Yule mjane mnene alipomficha mpenzi wake uchi ndani ya pipa la maji, na pasta akaingia akiomba maji ya kunywa, Jepchirchir alicheka mpaka akaniangukia begani. Kisha nikasikia analia.

"Mama Wanyoike," akasema, "mzee wangu amesema Krismasi isiwapate hapa."

"Isiwapate akina nani?"

"Nyinyi."

Virginia, Wanyoike alizaliwa mikononi mwa huyo mama. Miaka tisa hapa kwao sijawahi kuwa "nyinyi", watu wa kabila lingine. Alitoka mbio, nami sikuona kipindi kilivyoisha.

Sijui alikuwa ananionya au ananifukuza. Leo asubuhi ameniletea kibuyu cha maziwa ya mursik, akasema ng'ombe wamekamuliwa vizuri. Nikamshukuru.

Niambie kama kile chumba chenu cha nyuma kina mtu. Baba Wanyoike hajui kwamba nimeuliza.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Njambi