Nukta Iliyoelekea Sengerema

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, salamu zako kutoka Dodoma zimefika hapa Pasiansi. Bibi yako mzima, ananenepa kuliko mimi.

Unauliza kwa nini tatu juu ya nane inakoma kwenye 0.375, lakini theluthi haikomi. Umemuuliza bingwa wa ziwa zima! Ujanani, mimi na wavuvi wenzangu, Magesa na Kulwa, tulivua sangara wa kilo kumi. Wakagombea mafungu mpaka wakataka tuuze mtumbwi, kila mtu ashike njia yake. Nikajitosa na darasa langu la nne, nikagawanya mchangani kwa kijiti: tatu nukta tatu, tatu, tatu...

"We Masanja," Magesa akaniuliza, "hiyo nukta yako inavuka ziwa ikaishie Sengerema?"

Kulwa akaangua kicheko, hasira zikapoa. Kila mmoja akachukua kilo tatu, na ile moja iliyobaki tukaichemsha, tukaila sahani moja.

Kwa hiyo, mama, fupisha sehemu kwanza. Namba ya chini ikijengwa kwa kuzidisha mbili au tano tu, kama nane ilivyo mbili mara mbili mara mbili, desimali itakoma. Tatu au saba ikijipenyeza humo, daima kuna kinachobaki. Sisi kilichobaki ndicho kilichotuweka mtumbwi mmoja mpaka tukazeeka.

Babu yako,
Masanja