Chupa ya Maji ya Jumapili

Mjomba,

Kabla hujasoma mbele, nakuomba kitu kimoja: maneno haya yasitoke kwako, hata moja. Usimwambie hata Bibi. Najua mko pamoja huko, na Bibi tangu akiwa hai siri ilikuwa haimalizi siku mbili mdomoni mwake. Nikimaliza kuandika nitaikunja karatasi hii niifukie ndani ya kopo la mayai ya uduvi, chini kabisa, mahali ambapo hakuna mtu wa nyumba hii anayeingiza mkono isipokuwa mimi.

Naanza na habari nzuri kwa sababu ni chache. Wale samaki malaika wawili wakubwa ni wazima. Wametaga tena kwenye kigae ulichowasimamishia pembeni mwa tangi, na tangu Jumanne vifaranga vinaogelea. Nawaangulia uduvi kwenye chupa yako ileile, uliyoikata kitako ukaigeuza kichwa chini. Vijiko viwili vya chumvi kwa lita. Magadi kidogo kwenye ncha za vidole, kama mtu anayelainisha maharage. Mpira wa hewa unabubujika, taa iko pembeni, kanga ya Mama Rose imezungushiwa kwa ajili ya baridi. Ulikuwa unasema uduvi wa Karatu ni wavivu kuamka kama wanafunzi wa bweni. Bado ni hivyo. Maandishi ya kwenye kopo yanasema siku moja, kwetu ni mbili.

Mama Rose bado analala upande wake wa ukutani. Upande wako hajaugusa.

Nakumbuka siku ya kwanza ulipoinua chupa dirishani. Mimi niliona vumbi la kahawia kama ugoro likiingia kwenye maji, na siku mbili baadaye palikuwa na wingu la rangi ya chungwa linalotetemeka, kila chembe na uhai wake. Uliniambia kwamba miaka yote uliyoshusha wageni kreta, wao walipiga picha heroe, na wewe ulikaa kwenye usukani ukiyatazama maji ya ziwa na kujiuliza ndege wale wanakula nini hadi wapate rangi ile. Ukacheka: "Nimestaafu udereva, Karani, sasa mimi ni mpishi wa watoto wa samaki."

Sasa habari nyingine.

Unaikumbuka wiki ile uduvi walipokufa mara ya kwanza? Tuliwatega Jumapili, Jumanne wakaanguliwa vizuri, na kabla ya jioni walikuwa wamelala chini kama mchanga. Ulinikasirikia. "Umeosha chupa kwa sabuni. Umesoma vyote hivyo, lakini kusuuza hujui." Niliapa sikutumia sabuni, hukuniamini. Wiki iliyofuata wakafa tena, ukalaumu mayai, ukamlaumu mwenye duka wa Arusha. Kisha ukanilaumu mimi tena. Maji hukuyalaumu hata mara moja, maana samaki wakubwa, uliokuwa ukiwaongezea kidogo kidogo tu, hawakudhurika. Ulikuwa na desturi yako: alfajiri ya Jumapili, kabla ya misa, unashuka chemchemini na ndoo ya maji ya samaki, na kikombe cha kwanza unakunywa wewe, umesimama, taratibu. "Maji nisiyoweza kunywa mimi siwezi kumpa samaki." Sisi wa nyumbani tulikunywa ya mvua, ya kwenye simtanki. Ya chemchemi yalikuwa ya samaki, na yako.

Jumapili ya mwisho ulirudi unatoka jasho katika baridi ya mwezi wa sita. Mate yalikujaa mdomoni. Mboni za macho yako zilikuwa ndogo kama nukta ya kalamu. Kwenye cheti cha kifo wameandika homa ya mapafu. Mimi si daktari, Mjomba. Naandika nilichokiona tu.

Baada ya kukuzika kule kijijini Daa, nilikaa wiki tatu bila kugusa chupa. Kisha nikaanza tena, na kwa kuwa nilitaka kukuthibitishia kwamba si sabuni, nilifanya kama karani. Chupa tatu, mayai ya kopo moja, chumvi ya pakiti moja. Moja maji ya simtanki, ya pili maji ya chemchemi ya Jumatano, ya tatu maji ya chemchemi ya Jumapili. Ya kwanza ikawa chungwa. Ya pili ikawa chungwa. Ya tatu walianguliwa, wakafa. Nikarudia. Nikarudia tena. Kila mara ni Jumapili.

Nilifurahi, unajua? Kwa muda mfupi nilifurahi, kwa sababu mkono wangu ulikuwa safi.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa ofisini kule kwenye shamba la kahawa, natafuta barua ya likizo ya mtu kwenye faili la matangazo. Nikakutana na tangazo hili: "Kuanzia Jumamosi hii, mapipa na mabomba ya kupulizia dawa ya kahawa yataoshewa kwenye mfereji wa juu, kwa kuwa shimo la sakafu ya kuoshea limebomoka." Tarehe yake ni ya wiki ileile uduvi walipoanza kufa. Mfereji wa juu unashuka wapi, Mjomba, unajua kuliko mimi. Wanaosha Jumamosi jioni. Wewe ulikuwa unachota Jumapili alfajiri.

Tangazo lile nililipiga chapa mimi. Hata Meneja alinisifu: "Binti, wewe huna kosa hata la nukta."

Tangu siku hiyo sijala vizuri. Nilimweleza mtu mmoja tu, Mama Neema, yule kibarua wa kutoka Singida anayekaa kambi ya bondeni. Nilimweleza kwa sababu watoto wake wanakunywa hapohapo chemchemini, na mdogo wao amekuwa akitapika kila mwanzo wa wiki. Alinitazama akaniambia, "Dada, nikiacha maji hayo nitachota wapi, kwenye soda?" Alicheka, kisha akaacha kucheka.

Siku mbili baadaye Meneja alisimama mlangoni pangu, anakoroga chai yake. "Nasikia kwenu mnafuga wadudu kwenye chupa." Nikasema ni chakula cha samaki. "Vizuri. Wewe lisha samaki. Mambo ya maji waachie wenye maji." Hakupandisha sauti. Mchana nilipokwenda kwenye ubao, tangazo halikuwepo. Kwenye faili pia halikuwepo. Hajui kwamba nilikuwa nimeshachukua nakala, na nakala hiyo iko ndani ya kopo, itakaa chini ya barua hii.

Tangu jana kuna pikipiki isiyo na namba inayosimama ng'ambo ya nyumba. Mwenyewe hashuki. Mama Rose anadhani ni mchumba wangu, amenitania hadi nimeshindwa hata kumkemea. Asubuhi hii nimekuta chupa ya pembeni imeangushwa, mpira wa hewa umetolewa na kuviringishwa vizuri juu ya meza. Paka haviringishi mpira.

Ningeweza kunyamaza. Nimeifikiria sana njia hiyo, nisikudanganye. Lakini jana Mama Rose aligonga simtanki, likalia tupu karibu hadi chini, akasema, "Jumapili nitashuka chemchemini kama alivyokuwa anafanya baba Rose." Alisema kwa upole, kama mtu anayekwenda kukutembelea.

Leo mchana nimetega chupa mbili. Moja ya maji kidogo yaliyobaki kwenye simtanki, moja ya maji ya Jumapili iliyopita niliyoyahifadhi kwenye dumu. Nimezificha chini ya kitanda changu, pamoja na taa. Keshokutwa alfajiri zitakuwa tayari, na mtu yeyote mwenye macho ataweza kuzisoma bila kusomewa na karani.

Kwaheri, Mjomba. Nisamehe kwa tangazo. Nami nimekusamehe ile sabuni. Nakuahidi kwamba kikombe cha kwanza cha Jumapili hii hakitanywewa na mtu.

Ukitaka kunipata, usinitafute ofisini, sidhani meza ile itakuwa yangu tena. Usipite mlango wa mbele, kwa sababu ya pikipiki. Zunguka nyuma ya kanisa, fuata kinjia chako cha ndoo hadi kwenye lile jiwe ulilokuwa unapumzikia. Kabla ya kengele ya kwanza nitakuwa nimekaa juu yake, chupa mbili miguuni, moja ina wingu la chungwa na nyingine ina mchanga, na kikombe chako nimekigeuza chini magotini. Nikiwa sipo, ujue wamenitangulia, na kopo liko nyuma ya tangi la samaki. Mwonyeshe Mama Rose kwa namna unayoijua.

Nikiwepo, kaa karibu yangu. Usichote.

Mpwa wako,
Karani