Nimemvisha ng'ombe wa baba kiatu upande mbaya

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako nikiwa nimekaa juu ya ndoo nje ya zizi, maana ndani ya nyumba siwezi kumtazama baba usoni.

Nimerudi nyumbani na stashahada ya mifugo, na baba, ambaye hajawahi kumsifu mtu akiwapo, ameanza kuniita "daktari" mbele ya wageni. Wiki hii ng'ombe wetu mmoja, tunayemwita Mwenyekiti kwa kuwa wenzake hawatoki zizini kabla yake, alianza kuchechemea mguu wa nyuma, nikauinua, nikakuta jipu kwenye nusu ya nje ya ukwato, nikalipasua vizuri kama nilivyofundishwa, na laiti ningeishia hapo. Ukwato wa ng'ombe una nusu mbili. Moja ikiumwa, unagandisha kibao, ndicho kiatu chenyewe, chini ya ile nzima ili ibebe uzito na mgonjwa apumzike. Basi nilikuwa nimeshachanganya gundi, baba akasema, "Waeleze majirani, daktari," nikageuka nikawaeleza, nilieleza vizuri mno, hadi maneno magumu nikayatia, na gundi ile haimsubiri mtu, nikarudi mbio nikakigandisha kibao chini ya nusu yenye kidonda.

Niligundua nikinawa mikono. Nikaendelea kunawa. Kesho yake baba akauliza, "Mbona anachechemea kuliko jana?" Nikajibu, "Anazoea kiatu, baba." Akacheka, akasema hata yeye viatu vipya humbana, na neno hilo sasa limefika kituo cha maziwa, limefika kwa shangazi, na Jumamosi wafugaji wanakuja niwaonyeshe. Leo ni siku ya tatu na Mwenyekiti anatoka zizini wa mwisho. Nimejiuliza kama nilisomea wanyama au nilisomea kusifiwa, na sijapata jibu ninalolipenda. Kibao huanguka chenyewe baada ya wiki kadhaa. Je, nisubiri?

Binti wa Zizini

JIBU

Binti, usisubiri hata chai ipoe. Umeniandikia maswali mazito juu ya nafsi yako, na muda wote huo mwenzako Mwenyekiti amesimama juu ya kidonda. Nafsi itakuwapo kesho. Anza na mguu.

Nakiri nilicheka kwenye "anazoea kiatu". Halafu nikampigia daktari wa mifugo wa miaka mingi, maana mimi najua mambo ya ndoa, kwato sijui. Alicheka kunishinda. "Mwambie mwaka wangu wa kwanza nilifunga bendeji safi kabisa mguu wa kulia, na uliokuwa unaumwa ni wa kushoto. Mwenye ng'ombe akanishukuru." Kisha akaacha kucheka: uzito ukikaa juu ya kidonda, usaha hupanda, na ng'ombe anaweza kuharibikiwa mguu. Kwa hiyo leo hii mwite mtaalamu mzoefu aliye karibu nawe, mfungeni Mwenyekiti vizuri, kibao kitoke, kidonda kisafishwe, na kibao kingine kiende kwenye nusu nzima. Alale pakavu. Mkiona uvimbe juu ya ukwato, au akikataa kula, hapo anahitaji dawa, si kiatu.

Lakini kabla ya kushika kamba, mwendee baba. Mwambie, "Baba, nilikosea upande." Ishia hapo, maneno magumu yaache kwenye daftari. Atanuna, na mtu aliyekitangaza kiatu chako mji mzima ana haki ya kununa. Akimaliza kununa atakuja kukushikia mguu.

Jumamosi wafugaji waje tu. Waonyeshe alama ya kibao cha kwanza na kibao cha pili kilipo. Hotuba yako ya siku ile majirani wameshaisahau. Upande uliokosea wafugaji hawatausahau, na ng'ombe wao watanufaika.

Tena usijidanganye kwamba siri hii ni yako peke yako. Mnaijua wawili, na mmoja wenu anachechemea nayo.