Redio ya Wodi ya Watoto

Daktari,

Walikurudisha kwenu Machakos kwa lori la serikali, nami sikuweza kukufuata. Nakuandikia kwa Kiswahili, maana nikiandika kwa Kiingereza cha shule najisikia kama niko kwenye mtihani.

Habari za huku ni nzuri, ungefurahi. Yule mtoto wa kitanda cha dirishani, aliyekuwa akikutemea dawa kifuani, siku hizi anameza na kuomba kijiko cha pili. Kiti chako hakuna anayekikalia ila paka. Mimi nikipita hapo... basi, napita haraka.

Unakumbuka siku yangu ya kwanza kukutafsiria, nimetoka darasani? Ulimnyanyua mtoto wa Mama Habiba, ukasema, "Lo! Mtoto mnene huyu!" Mama akampokonya, akamfunika shuka, akashika njia. Ukadhani umemkosea. Wewe mtu wa bara ungejuaje kwamba huku mtoto akisifiwa bila Mungu kutajwa, mama yake huogopa jicho la watu? Nikamkimbilia, nikamwambia kwa Kisomali kwamba daktari amesema maashallah. Hukuwa umesema. Akarudi.

Baada ya wiki kadhaa ukaniuliza, "Kila nikisifu mtoto unaongeza neno. Umeniuza?" Nilipokueleza, ukalishika lile neno kama mtoto aliyepewa filimbi. Jino likiota, maashallah. Chai ikikolea tangawizi, maashallah. Landrova ikikwama mchangani, maashallah, mpaka dereva akanuna.

Kwa sauti yangu hii ndogo ukaniita redio. "Redio, ongeza sauti, mama hasikii." Sasa nikwambie nisilowahi kukwambia. Nilipenda kutafsiri kwa sababu maneno hayakuwa yangu. Ya watu niliyasema bila kutetemeka, yangu niliyameza. Ulikwenda kwa ofisa wa askari ukafukuzwa, ukarudi, ukafukuzwa tena, na kofia yako ileile. Siku uliporudi umeshinda, kina mama wenye watoto wagonjwa waruhusiwe kupita kizuizi cha askari barabarani hata usiku, saa za kafyu, nilitaka kusema asante. Nikaishia kukuletea kikombe cha maji.

Basi sikiliza. Hata matanga hayajapoa, ofisa mpya alifunga njia. "Ruhusa ilikuwa ya daktari," alisema, "na daktari hayupo." Mama mmoja alizuiwa pale kizuizini na mtoto anayeharisha mpaka kukapambazuka. Mtoto amepona, alhamdulillahi, lakini wa pili je? Mama Habiba akanifuata shuleni. "Abaayo, dada yangu, kusanya vitabu. Daktari amekufa, redio haijafa."

Tukajaa ofisini kwa huyo ofisa, wanawake tu. Mama Habiba akaanza kwa ukali: "Mwambie huyu hakuzaliwa amevaa buti. Naye alibebwa mgongoni." Nikatafsiri yote, sikupunguza. Ofisa akainua macho. Mama Habiba akavuta pumzi, nami nikajisikia naendelea kusema. Daktari, hakuna aliyekuwa amenipa maneno! Nikasema, "Bwana ofisa, kuhara hakungoji asubuhi. Usiku mmoja tu, mtoto anaishiwa maji mwilini. Daktari hakujiombea ruhusa. Yeye hakuwa na mtoto hapa. Aliwaombea watoto wetu, nao bado wapo."

"Hayo yote amesema yeye?" Ofisa akamwelekezea Mama Habiba kidole.

"Hapana, bwana. Ya buti ndiyo yake. Hayo mengine ni yangu."

Ofisa akacheka! Akatazama dirishani kidogo, akasema naye ameacha mtoto wa kike nyumbani, wa miezi minne, mnene kweli kweli. Unajua wale mama hawana Kiswahili, lakini "mnene" wamelisikia kwako miaka yote. Chumba kizima kikamjibu: "Maashallah!"

Ruhusa imerudi. Jana, jua limeshazama, askari wenyewe waliinua gogo la kizuizi, mama akapita.

Wanasema daktari mwingine yuko njiani. Nakuahidi, kabla hajamshika mtoto yeyote nitamfundisha lile neno. Na kabla ya neno nitamsalimia mimi mwenyewe, kwa sauti ya kusikika mpaka kitanda cha mwisho.

Lala salama, Daktari. Na asante. Ndiyo iliyokuwa ndani ya kile kikombe.

Redio yako,
Hodan