Fisi Ndani ya Tovuti Yako

Marahaba, mpwa wangu Ghati.

Hapa kijijini Natta hakuna kikao kinachoanza kabla sijafika, hata mwenyekiti analijua hilo, lakini leo nimewaacha wasubiri ili nikujibu. Mama yako mguu umepona. Ng'ombe wako amezaa jike.

Unasema umeiga mlio wa fisi kwa mdomo wako, ukaurekodi, ukauweka kwenye tovuti unayowatengenezea wenye kambi ya watalii. Kesho kutwa unawaonyesha, na usingizi huupati. Unaogopa watakucheka na kukunyima kazi. Unauliza uutoe?

Kipaji hicho umekirithi kwangu. Ujanani nilikuwa natafuta kuni za kambi niliyofanyia kazi, pamoja na mpishi wake, Mwita. Asubuhi moja nikalia kama fisi, mzaha tu. Kichakani kitu kikajibu, karibu kabisa.

"Wewe, umemwambia nini huyo?" Mwita akanong'ona.

"Sijui. Ila anakuja."

Akatokea, mkubwa kama fahali, nakuapia. Mwita akatupa kuni. "Kimbia, mjinga!" Mimi nikabaki, nikalia tena. Sauti inatetemeka, na bado ilitoka vizuri kuliko siku zote. Fisi akanitazama, akageuka, akaenda zake.

Basi mwache fisi wako humo. Ukitetemeka, tetemeka, ila waonyeshe.

Watu hapa husimulia kwamba sikukimbia. Ni kweli. Miguu ilikataa kabisa, mpaka Mwita akarudi na toroli, akanisukuma hadi kambini nimekaa humo kama gunia la viazi.

Mjomba wako,
Marwa